Seva ya Stooni na Mayai ya Kozi

Machi 2

Theluji imerudi, na Wendelin naye akaona leo ndiyo siku ya kuning'inia kwenye kamba. Magoti yake yamekwisha, lakini mwambie ashuke mtu mwingine uone atakavyokununia wiki nzima. Tumesimama chini ya machimbo shingo zimekunjwa, yeye huko juu anatukana skrubu, mpaka kamera ikakaa. Inaitazama ile rafu ya mwamba ambapo kozi wetu, wale ndege wawindaji, hutaga kila mwaka. Katika chama chetu cha kulinda ndege hatutaji jina la machimbo hayo, kwa simu wala kwa maandishi. Tunasema Rafuni, na hata humu sitaandika zaidi.

Sababu ni mwaka jana. Mtu alishuka kwa kamba mchana kweupe akabeba vifaranga wote. Kuna watu wanaowanunua kwa ajili ya kuwindia, na kuna wanaojua kuwafikisha. Jike alizunguka pale juu akilia siku nyingi, nami nikawa sipiti tena njia ile. Mwaka huu tukiibiwa tena, Wendelin anasema, wale ndege wataliacha jabali na hatutawaona.

Kwa hiyo kamera, na picha zote zinakuja kwangu. Chama kimekataa kuziweka kwa makampuni. Zinaingia kwenye seva yangu, kompyuta kuukuu ya ofisini niliyoiweka stoo ya chini, kati ya viazi na pipa la mvinyo wa tufaha. Kila picha inabeba ndani yake siku, saa na mahali ilipopigwa, maana Wendelin anataka hivyo kwa takwimu zake. Mimi nauza miwani nusu siku, kompyuta sikuisomea. Lakini tangu mume wangu Eugen afariki nimeizoea hiyo mashine kama wenzangu walivyozoea kufuma, na hunitoi hapo.

Machi 3

Picha ya kwanza: theluji na ncha ya mkia. Nimeionyesha kwa kila mteja aliyekuja kupima macho.

Machi 6

Nimegundua kitu kitamu. Seva huandika kumbukumbu za kila anayebisha hodi kutoka nje, na leo nimezifungua kwa mara ya kwanza. Ukurasa baada ya ukurasa! Wanatoka pande zote za dunia na wanajaribu majina. Mmoja anajaribu "admin", mwingine "mgeni", mwingine amehangaika na "maria" tangu asubuhi. Maria ni nani? Amemkosea nini? Nikakaa nasoma mpaka dengu zikashika chini ya sufuria.

"Roswitha!" akaita mama mkwe wangu kutoka chini. Nyumba ni yake, Mama Klothilde, na ana pua kali kuliko umri wake. "Husikii harufu? Au pua nayo umeichomeka kwenye kompyuta?"

Tumekula tambi tupu. Mama amenikumbusha mara kadhaa kwamba ni tupu.

Machi 8

Nilgün amekuja. Kazi yake ni kulinda mtandao wa hospitali moja mjini, na siku za mapumziko anahesabu ndege nasi. Nilimweleza kuhusu wabisha hodi wangu kwa furaha, nikidhani atafurahi pia.

"Dada, hao siyo watu," akasema. "Ni mashine zinapita nyumba hadi nyumba zikitikisa vitasa. Hazikujui wewe wala Maria. Zikikuta kitasa kimelegea, ndipo mwizi mwenyewe anaitwa."

"Kwangu hazijaingia."

"Nywila ya kamera ni ipi?"

Nikamtajia. Akaweka kikombe chini polepole.

"Hiyo ni ya kiwandani."

"Ndiyo. Imeandikwa mgongoni mwa kamera, huwezi kuisahau."

"Na kila aliyenunua kamera kama hiyo anayo! Mungu wangu, dada Roswitha, wewe umefunga nyumba kwa uzi."

Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha tukafanya kazi hadi chai ya jioni. Kila kitu kimepata nywila yake ndefu, hakuna inayorudiwa, na zote zinakaa kwenye kabati lao lenye kufuli ndani ya simu. Nikiingia kwenye seva sasa simu inaniuliza namba ya pili. Kamera imetengwa kwenye mtandao wake peke yake, isiweze kugusa vitu vingine vya nyumba. Ule mlango nilioufungua kwenye ruta ili wanachama waone picha, ameufunga, akatengeneza njia ya faragha kwa wenye funguo.

Hapo Wendelin aliyekuwa akila mkate wetu wa brezeli kimya akaamka. "Mimi na wazee wenzangu hatuyawezi hayo ya funguo. Nataka nibonye, nione ndege."

"Ukibonya wewe na mwizi naye anabonya," Nilgün akasema.

"Binti, mimi nimelinda jabali lile kabla hujazaliwa."

"Jabali ndiyo, mzee. Intaneti je?"

Wamebishana mpaka Mama akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mwisho wamekubaliana hivi: ukurasa mmoja wa picha ubaki wazi kwa nje, wenye nywila, kwa sharti kwamba seva ijisasishe yenyewe kila usiku watu wakiwa wamelala, na nakala ya picha iende nyumbani kwa Nilgün saa hizo hizo. "Programu ya ukurasa huo hutobokatoboka kila mara," alisema, "na walioitengeneza huziba kila mara. Usiposasisha umeliacha tundu. Nimeshapanga, inajiendesha. Wewe usiguse." Sikugusa.

Machi 16

Yai la kwanza! Rangi ya kiatu cha kahawia kilichopigwa dawa.

Machi 21

Mvua ya mawe. Mayai matatu. Jike hakunyanyuka hata mara moja, mgongo wake wote umejaa barafu. Nimelia kidogo dukani, mteja akadhani ni kwa sababu ya macho yake.

Machi 27

Leo nimeiuliza seva imekuwa macho tangu lini. Imejibu: tangu asubuhi. Ajabu. Ilipaswa iwe macho tangu siku ile ya Nilgün.

Machi 28

Tangu asubuhi.

Machi 29

Tangu asubuhi tena, na karibu wakati ule ule. Kwa hiyo kuna mtu anaizima na kuiwasha. Badala ya kuogopa nimejikuta nataka tu kujua. Anapata nini? Nimempigia Nilgün, akauliza kama umeme unakatika. Kwetu hapa? Saa ya jikoni ingekuwa inapepesa. Akasema pengine ni uzee wa mashine, atakuja akipata nafasi baada ya Pasaka. Hata hivyo nimebadilisha nywila zote.

Machi 30

Tangu asubuhi.

Aprili 2

Siku hizi nikimwona mtu nampima. Wendelin ana ufunguo wa nyumba yetu, alipewa na Eugen. Jirani wa kushoto anapenda mno kuuliza habari za ndege. Na leo nikiwa nafuta vioo vya miwani wazo likanijia ambalo sikulialika: nani hasa anajua jinsi ya kuingia kwenye ile seva? Mimi na Nilgün. Nililifukuza wazo hilo, likarudi.

Aprili 5

Mvua. Mama amepanda vitunguu, mimi nimeshika mwavuli.

Aprili 9

Wendelin ameingia dukani bila salamu, akanisogezea simu yake juu ya kaunta, katikati ya fremu.

"Nini hiki?"

Ni kozi wetu. Ameketi juu ya mayai, mvua ya mawe mgongoni. Picha yangu, ile ya Machi 21, imewekwa kwenye ukumbi mmoja wa intaneti ambako watu wa ndege wa kuwindia huzungumza. Chini yake mtu ameandika, "Jike zuri, damu ya Alb. Mnaotaka kujua zaidi, nitafuteni pembeni." Alb ndiyo milima yetu hii. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Picha hizi unazo wewe," Wendelin akasema. "Na nani mwingine?"

"Wanachama wanaona."

"Wanachama hawajui hata kuhifadhi picha. Nani anaweza?" Akainama. "Yule msichana."

Nilipaswa kumwambia afunge mdomo wake. Nilisema, "Sijui." Nimerudi nyumbani nikiwa nimejichukia, na chakula sikukigusa.

Aprili 10

Naandika hapa kwa kucheka na kwa kulia, vyote pamoja.

Leo niliamua kumkamata. Ninajua seva inaamka wakati gani, basi nikashuka stooni kabla ya hapo, nikakaa juu ya gunia la viazi nimejifunika koti la Eugen. Seva ilikuwa imekufa, haina hata taa moja. Nikasubiri mwizi wangu ajitokeze kwenye skrini ya simu.

Mlango wa stoo ukafunguliwa. Akaingia Mama Klothilde na kikapu, akapita karibu yangu bila kuniona, akainama ukutani akiugulia kiuno, akabonyeza swichi nyekundu ya ekstensheni. Seva ikaanza kunguruma.

"Mama!"

Kikapu kikaruka. "Yesu! Unataka niende kwa Eugen leo leo?"

"Mama, unafanya nini?"

"Nachukua viazi. Wewe unafanya nini kwenye viazi?"

"Hiyo swichi!"

"Naiwasha. Usiku naizima, asubuhi naiwasha. Kwani wewe unaizima lini? Hujawahi! Mashine inakula umeme usiku kucha, na watu wote wamelala. Nimekaa kimya tangu uilete, nikasema mjane huyu ana majonzi, usimsumbue, zima mwenyewe."

"Mama, usiku ndipo inapofanya kazi yake!"

"Kazi gani hiyo ya usiku?" Aliniangalia kwa mashaka makubwa kabisa. "Kazi ya heshima inafanywa mchana."

Nikaketi tena kwenye gunia. Katika nyumba hii, kila chombo huzimwa ukutani kabla ya kulala, televisheni, redio, hata mashine ya kahawa. Mimi mwenyewe nazima. Miaka yote hii nazima, na sikuwahi kujiuliza ekstensheni ya stoo inazimwa na nani.

Aprili 11

Nilgün amekuja mara tu nilipompigia. Kabla hajavua koti nilimwambia yote: swichi, picha, na kwamba juzi Wendelin alimtilia shaka na mimi sikumtetea. Sikutaka ayasikie kwingine.

Alifungua kifungo kimoja cha koti. Kisha akasema, "Hospitalini pia kukipotea kitu huwa naulizwa wa kwanza. Mwenye funguo ndiye mwizi. Nimezoea." Akavua koti. "Lakini kwako sikutegemea kuzoea."

Niliona aibu na bado naiona.

Tulikaa chini mchana wote. Tangu siku aliyoipanga, seva haijajisasisha hata mara moja. Saa ya kusasisha ikifika, imezimwa. Nakala nayo haikwenda, na Nilgün, mlinzi wa mitandao, kwake hakuwahi kuangalia kama zinafika. "Tuko wawili," alisema. Programu ya ukurasa wa Wendelin ilitobolewa katikati ya Machi na kiraka kilitolewa siku ile ile. Kwetu kiraka kilibisha hodi usiku kikakuta nyumba giza. Halafu Jumapili moja saa ya chakula cha mchana, sisi tuko mezani, mtu akaingia kwa tundu hilo bila nywila yoyote, akachukua picha zote kwa mkupuo.

"Wote waliona ndege tu," nikasema. "Mahali hapaonekani."

Nilgün akageuka. "Picha zina mahali ndani yake?"

Nikakubali kwa kichwa. Kisha akang'oa waya wa intaneti kwa mkono wake.

Aprili 12

Mkutano sebuleni kwa Mama. Seva imefutwa yote na kujengwa upya kutoka chini. Ukurasa wa wazi haupo tena, picha hazibebi mahali. Wendelin amejifunza funguo kwa dakika chache tu, basi maneno yote yale yalikuwa ya nini? Alimwomba Nilgün radhi mbele ya watu wote, uso mwekundu, na Nilgün akamwambia, "Sawa, mzee. Sasa bonya."

Lakini mtu fulani anajua Rafuni ni wapi, na hilo halifutiki. Polisi wamesikiliza vizuri na kutuambia tuwaite kukitokea jambo. Basi ni kulinda kwa macho, kama zamani, tangu alfajiri hadi giza. Swali likawa nani atakwenda lini, kila mtu akakumbuka mgongo wake.

Mama akasimama, akauleta ule ubao wa zamu ya kufagia ngazi. Ubao huo ukitundikwa mlangoni kwako, wiki hiyo ufagio ni wako mpaka uupeleke kwa jirani. "Nimeona watu wamekataa kwenda vitani," akasema. "Aliyeukataa ubao huu sijamwona." Akaubandika picha ya kozi na kumpa Wendelin. Hakuna aliyebisha.

Aprili 22

Wameanguliwa! Wawili, wa tatu anahangaika. Weupe, wabaya, wanapendeza.

Aprili 23

Wa tatu naye.

Mei 1

Ubao uko kwetu. Mvua imenyesha ndani ya buti zangu. Mama na mimi tumekubaliana kuhusu swichi: usiku anaizima kama anavyotaka, kwa hiyo seva sasa inajisasisha mchana tukiwa mezani. Kila Jumamosi naangalia kwa macho yangu kama kweli imejisasisha, na Nilgün anafungua nakala moja kuona kama inafunguka. "Mashine ikikwambia iko sawa, iulize tena," anasema. Amekuja kula. Bado si kama zamani, lakini amekuja.

Mei 13

Siku za Watakatifu wa Barafu, na kweli baridi imerudi, nyasi nyeupe asubuhi. Zamu ilikuwa yangu na Mama. Alikataa kubaki nyumbani, akaja na kiti chake na keki ya tufaha.

Kabla ya adhuhuri gari la namba za mbali likasimama. Akashuka mwanamume msafi, mpole, begi kubwa mgongoni. Akasema anatafuta konokono wa mawe. Wengi huja kwa hilo, machimbo yetu yamejaa konokono waliogeuka mawe. Lakini konokono wako chini kwenye kifusi, na huyu alipanda moja kwa moja juu, akasimama ukingoni juu kabisa ya rafu. Hakutafuta. Hakuinua hata macho kumtazama jike aliyekuwa akipiga kelele juu yake.

Mama akamfuata juu na keki. Sijui alipandaje. Mimi nilikuwa nyuma nahema.

"Kula, mwanangu, umekonda."

"Asante, bibi, nina haraka kidogo."

"Haraka? Konokono hao wako hapo tangu dunia iumbwe, wanakwenda wapi leo?" Akaketi ukingoni, miguu yake ikining'inia, akamkatia kipande. "Kaa. Mama yako yuko hai? Una watoto? Begi hilo lina nini, linaonekana zito."

Mtu yule akasimama na keki mkononi hajui aifanye nini. Simu yake ilikuwa wazi. Nauza miwani lakini yangu siihitaji kwa mbali, nikaona ramani, na juu yake nukta nyekundu. Ilikaa pale pale vifaranga walipo.

Nilidhani nitamrukia. Nilichofanya ni kumuuliza, maana nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kupigana.

"Nukta hiyo umeipata wapi?"

"Nukta gani?"

"Uliingia mwenyewe au uliinunua?"

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaweka simu mfukoni. Akaiweka keki juu ya jiwe kwa adabu, akashuka, akaondoka. Nilipiga picha namba za gari. Polisi walisema kupanda jabali siyo kosa, begi halikufunguliwa, lakini wameandika.

Mama alinishika mkono njia nzima ya kurudi. "Alikuwa na adabu," alisema. "Ndiyo iliyonitisha."

Mei 20

Wamevishwa pete za utambulisho miguuni, wote watatu. Wendelin kang'atwa.

Juni 4

Wa kwanza ameruka! Vibaya sana, ametua kwenye kichaka, mama yake akimfokea.

Juni 9

Wote hewani. Hatukuibiwa! Sebuleni kwa Mama tumemaliza pipa la Eugen, na Nilgün asiyekunywa amecheza na Wendelin.

Juni 21

Leo tumepanda Rafuni kuondoa kamera, mimi, Wendelin na Nilgün. Vifaranga wameshatawanyika, jabali kimya.

Wendelin alipokuwa anafungua skrubu alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Februari watakuwa hapa tena. Kozi aliyelea salama hahami. Bibi zake huyu walitaga hapa hapa."

Nilgün akaacha kukunja waya. "Nywila tumebadilisha zote," alisema. "Funguo zote, mashine nzima."

"Na nukta ile?" nikauliza.

Akaendelea kukunja waya. Mtu aliye nayo bado anayo, na aliyempa anayo, na mwaka ujao wataijaribu tena, na mwaka wa kufuata. Wendelin alifikiria kuziba rafu kwa waya ili ndege watafute jabali jingine, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. Jingine liko wapi? Tulikaa pale watatu, Wendelin ameipakata kamera.

Halafu jike akarudi. Alitua kwenye rafu yake, karibu nasi hata nikaona duara la manjano kuzunguka jicho lake. Nikajikuta nimesimama.

"Hama," nikamwambia. "Hama, mama, nakuomba. Wanajua unapoishi."

Akanitazama kidogo. Kisha akageuza shingo, akaanza kusafisha manyoya ya mgongoni, moja baada ya jingine, kama mtu aliye nyumbani kwake.